Baba yuko mwezi wa tatu wa dawa za TB na bado anakonda: je, ni kansa ya mapafu?

*"Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 61, tunaishi Usa River. Alichimba Mirerani kwa miaka mingi, na sigara ameiacha juzi juzi tu. Alipoanza kukohoa tulimnunulia dawa duka la dawa, hazikusaidia. Hospitali ya kwanza walipima makohozi mara mbili wakasema hawajaona TB, lakini picha ya kifua ilionyesha kivuli juu upande wa kulia, wakamwanzishia dawa za TB. Wiki tatu za kwanza alipata nafuu, homa ikakata, akawa anakula. Sasa ni mwezi wa tatu, anazidi kukonda, sauti imekwaruza, na juzi makohozi yalikuwa na damu. Daktari mwingine Arusha ameangalia picha mpya, anasema inaweza kuwa kansa, anataka CT-Scan na kukata kinyama. Baba mdogo amekataa kabisa. Anasema kansa ikiguswa na chuma inasambaa, na kwamba lazima tumalize kwanza miezi sita ya dawa. Baba mwenyewe hajaambiwa habari za kansa. Madaktari mnatofautishaje haya magonjwa, na sisi tufuate lipi?"*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Nianze na jibu lenyewe, sababu zitafuata. Msingoje miezi sita iishe. Baba aendelee kumeza dawa zake za TB kila siku mpaka daktari anayemtibu aseme vinginevyo, lakini CT-Scan na kipimo cha kinyama, yaani kipande kidogo kinachochukuliwa kwenye uvimbe kwenda kupimwa, vifanyike sasa, wakati huo huo akiwa kwenye dawa. Mgonjwa aliyeanzishiwa dawa za TB bila vimelea kuonekana, akapata nafuu, kisha akaanza kurudi nyuma, huyo ugonjwa wake bado haujajulikana. Sisemi kwamba ana kansa. Nasema kwamba kwa maelezo haya peke yake hakuna daktari mkweli anayeweza kukuambia ana nini, na ndiyo maana yule wa Arusha anaomba vipimo zaidi. Yuko sahihi.

Unauliza tunatofautishaje. Kwa dalili peke yake, mara nyingi hatuwezi. Kikohozi kinachopita wiki 2, kukonda, kukosa hamu ya kula, kuchoka, kifua kuuma, damu kwenye makohozi, yote hayo yapo kwenye TB na yote yapo kwenye kansa ya mapafu. Watu wengi hudhani kwamba damu ndiyo TB, au kwamba kukonda sana ndiyo kansa. Haiko hivyo, na ukiona kinachotendeka ndani ya pafu utaelewa kwa nini.

Vimelea vya TB huingia kwa hewa na kumezwa na askari wa mwili walioko kwenye mapafu. Kwa bahati mbaya vimelea hivi vina uwezo wa kuishi ndani ya askari hao hao. Mwili ukishindwa kuviua unavizungushia ukuta wa seli nyingine, na katikati ya ukuta huo nyama ya pafu hufa, inakuwa laini na nyeupe kama mtindi ulioganda. Siku ukuta huo ukipasukia kwenye njia ya hewa, uchafu ule unakoholewa nje na nyuma yake linabaki shimo. Mishipa ya damu iliyo karibu na shimo ikiliwa, mgonjwa anatema damu.

Kansa haina kimelea. Ni seli za pafu lenyewe ambazo maelekezo yake ya kuzaliana yameharibika, mara nyingi kwa moshi wa sigara wa miaka mingi, zikawa zinajigawa bila kusikia amri ya kuacha. Zinajenga uvimbe, uvimbe unaziba njia ya hewa, unakula mishipa ya damu, na wakati mwingine katikati yake panakosa damu, panakufa, panatoboka shimo. Mashimo mawili, damu ya aina moja, kikohozi kile kile. Hata kukonda kunatoka njia moja, kwa sababu katika magonjwa yote mawili mwili uko vitani, unamwaga kemikali zinazokata hamu ya kula na kuyeyusha misuli.

Zipo dalili zinazoelemea upande mmoja, na daktari huzipa uzito wake. Homa inayopanda jioni na jasho la usiku linalolowesha shuka huelemea TB. Uso na shingo kuvimba, mishipa ya shingo kusimama, maumivu makali ya bega yanayoshuka mkononi, kope la jicho moja kulegea, maumivu ya mifupa ambayo hayapoi usiku, hayo yananifanya niwaze kansa kwanza. Umri nao unahesabiwa, kwani kansa ya mapafu ni ya watu waliopita miaka 50 zaidi kuliko vijana, wakati TB haichagui.

Sauti ya baba imenigusa kuliko vitu vingine ulivyoandika. Neva inayoendesha kamba za sauti haiendi moja kwa moja kooni. Hushuka kwanza kuelekea kifuani, kisha inageuka na kupanda. Ya kushoto hushuka mpaka karibu na moyo, ya kulia huzunguka jirani na ncha ya pafu la kulia. Uvimbe ulioko juu kulia unaweza kuibana, kamba moja ikalala na sauti ikakwaruza. Lakini TB nayo inaweza kushuka kwenye koo la sauti lenyewe, na TB ya koo inaambukiza kwa kasi. Kwa hiyo baba aangaliwe koo na daktari wa masikio, pua na koo. Ni uchunguzi wa dakika chache, na unaweza kuelekeza mambo.

Kuna kitu kingine mnaweza kukitazama nyumbani. Mwambie aunganishe kucha za vidole viwili vinavyofanana, cha mkono wa kulia na cha mkono wa kushoto, mgongo kwa mgongo, kisha mtazame kwenye mwanga. Kwa kawaida panabaki uwazi mdogo wenye pembe nne chini ya kucha. Uwazi huo ukiwa umepotea na ncha za vidole zimevimba na kuwa mviringo, mwambieni daktari. Hali hiyo huonekana kwenye kansa ya mapafu mara nyingi zaidi kuliko kwenye TB, ingawa TB ya muda mrefu na magonjwa mengine ya mapafu na moyo huileta pia. Ni alama ya kusogeza mawazo tu.

Sasa Mirerani. Nashukuru umeitaja, maana wagonjwa wengi hawasemi kazi waliyofanya mpaka waulizwe. Tangu tanzanite igunduliwe pale mwaka 1967, vijana wa kanda hii wameshuka mashimoni na kuvuta vumbi la mwamba bila kinga ya maana. Vumbi hilo lina silika, madini magumu yaliyomo kwenye mawe. Punje zake ndogo zikifika chini ya pafu haziyeyuki, na wale askari wanaojaribu kuzimeza hufa. Matokeo yake ni matatu na yote yanamhusu baba. Kwanza, makovu ya vumbi yenyewe, yaani silikosisi, hupenda sehemu za juu za mapafu na yanaweza kuungana yakawa bonge linalofanana na kansa kwenye picha. Pili, kwa kuwa askari wamekufa, TB inaingia kirahisi, na hatari hiyo inaendelea hata miaka mingi baada ya mtu kuacha uchimbaji. Tatu, silika inasababisha kansa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kwenye kundi la visababishi vilivyothibitika vya kansa kwa binadamu mwaka 1997, na mchimbaji aliyekuwa akivuta sigara amebeba mizigo miwili. Hivyo kile kivuli kina washukiwa watatu, na wanaweza kuwa wawili kwa pamoja.

Tuje kwenye makohozi, kwa sababu hapo ndipo kutoelewana kwingi kunapoanzia. "Makohozi hayana TB" ni sentensi isiyokamilika. Uliza yalipimwa kwa nini. Kwa darubini ya kawaida, mtaalamu wa maabara anahitaji vimelea kati ya 5,000 na 10,000 katika kila mililita moja ndipo apate nafasi nzuri ya kuviona. Mgonjwa anaweza kuwa na TB halisi na kioo kikaonekana safi. Mashine ya GeneXpert inatafuta vinasaba vya kimelea, inaona hata vichache sana, inatoa jibu chini ya saa 2, na wakati huo huo inasema kama kimelea ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Kuotesha kwenye maabara ndiko kunakoona zaidi ya vyote, lakini vimelea vya TB huzaliana polepole, kwa hiyo jibu huchukua mpaka wiki 6 au 8.

Halafu kuna jinsi makohozi yalivyotolewa. Wengi wanatema mate kwenye kikopo kwa sababu hakuna aliyewaelekeza. Makohozi mazuri ni ya asubuhi, kabla ya kula. Asukutue mdomo kwa maji, akae wima, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha akohoe kutoka chini kabisa ya kifua mpaka kitoke kitu kizito. Afanye hivyo nje au dirishani, mbali na watu. Kikopo chenye povu jeupe na mate hakina jibu la kutoa, hata mashine iwe ya gharama namna gani.

Na zile dawa za duka mlizonunua mwanzoni, mnakumbuka jina? Kama ilikuwa levofloxacin au mojawapo ya ndugu zake, hizo zinaua vimelea vya TB kidogo, haziponyi, lakini zinaweza kuvificha visionekane kwenye kipimo. Tafuteni boksi au cheti, mwende nacho. Kama baba amewahi kutibiwa TB miaka ya nyuma, hilo nalo lisemwe, kwa sababu GeneXpert inaweza kuokota vinasaba vya vimelea vilivyokwisha kufa na kutoa jibu la uongo. Tena kovu la TB ya zamani linaongeza hatari ya kansa kwenye pafu hilo.

Picha ya kifua inatuonyesha mahali, haituonyeshi jina. TB hupenda ncha za juu za mapafu kwa sababu kuna oksijeni nyingi, na mara nyingi kivuli chake kimetawanyika, kina mawingu madogo pembeni na mashimo yenye ukuta mwembamba kiasi. Kansa huelekea kuwa bonge moja lenye kingo zilizochongoka, na shimo lake huwa na ukuta mnene usio sawa. Shimo lenye ukuta unaozidi milimita 15 linanipa mashaka makubwa. Lakini nimeeleza tabia za wengi, na wagonjwa wanaokiuka tabia hizo si wachache. CT-Scan inaonyesha vizuri zaidi kuliko picha ya kawaida. Inaonyesha tezi za katikati ya kifua, ini, tezi zilizo juu ya figo, na hasa inaonyesha njia ya kupitisha sindano salama. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuiagiza kwa baba.

Kuna swali ambalo hukuliuliza ila naliona kwenye maelezo yako: kama si TB, mbona alipata nafuu wiki zile tatu? Hili linawachanganya hata wahudumu wenye uzoefu. Uvimbe unapoziba njia ya hewa, sehemu ya pafu iliyo nyuma yake haipati hewa, makamasi yanajikusanya na bakteria wa kawaida wanazaliana, yaani nimonia ya nyuma ya kizuizi. Rifampisini iliyomo kwenye vidonge vya TB inaua bakteria wengi wasio wa TB pia. Homa inakata, mgonjwa anakula, familia inashangilia, na uvimbe unaendelea na kazi yake. Kwa hiyo nafuu ya wiki chache haithibitishi TB. Nafuu ya TB huwa inaongezeka mwezi hadi mwezi. Homa huisha ndani ya wiki moja mbili, hamu ya kula inarudi, uzito unapanda kwenye kadi. Picha ya kifua ndiyo hujikokota, inaweza kuchelewa miezi kusafika, hivyo kivuli kilichobaki vile vile mwezi wa pili hakinitishi. Kivuli kinachokua, kwa mtu anayekonda akiwa kwenye dawa, hicho hakisubiri.

Hata hivyo kuna maelezo mengine ya kushindwa kwa dawa, na daktari anatakiwa kuyapitia yote. TB inaweza kuwa sugu. Dawa zinaweza kuwa hazimezwi inavyotakiwa, au zinatapikwa. Kisukari kisichojulikana na VVU hubadilisha sura ya TB na mwenendo wake, hivyo baba apimwe vyote viwili kama bado. Kipimo cha ngozi cha TB hakitamsaidia, kwa sababu kinasema tu kwamba mtu amewahi kukutana na kimelea, na hapa kwetu watu wazima wengi wamekutana nacho. Vipimo vya damu vinavyotangazwa kwamba "vinaonyesha kansa" msivilipie. Havitoi jibu la pafu.

Kinachotoa jibu ni kimelea chenyewe au seli yenyewe. Ndiyo maana ya kinyama.

Njia ziko kadhaa na daktari huanza na iliyo rahisi. Kwanza atampapasa shingoni na juu ya mtulinga, yule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega. Kukiwa na tezi iliyovimba, sindano nyembamba inaweza kuchukua seli pale pale kliniki na jibu likapatikana bila kugusa pafu. Kukiwa na maji kifuani yanavutwa na kupimwa. Maji ya TB mara nyingi yana rangi ya manjano kama majani makavu na yamejaa seli za ulinzi aina ya limfosaiti, ya kansa mara nyingi yana damu na seli za kansa zinaweza kuonekana, ingawa zisipoonekana mara ya kwanza haimaanishi hazipo. Uvimbe ukiwa karibu na njia kubwa za hewa, mpira mwembamba wenye kamera unapitishwa puani au mdomoni baada ya koo kutiwa ganzi, na kipande kinachukuliwa kwa koleo dogo. Ukiwa pembezoni, karibu na mbavu, sindano inapitishwa kwenye ngozi iliyotiwa ganzi huku CT-Scan ikiongoza. Baba atakuwa macho, atasikia kusukumwa zaidi ya maumivu, na ataombwa azuie pumzi kwa sekunde chache.

Hatari zipo na ni haki yenu kuzijua. Katika kila watu 100 wanaochomwa sindano ya pafu namna hiyo, 15 hadi 25 hivi huvuja hewa kidogo kuzunguka pafu, na wengi wao hewa hiyo inanyonywa yenyewe. Kama 5 au 6 huhitaji kuwekewa mrija kwa siku kadhaa. Kutema damu kidogo siku hiyo ni kawaida. Ndiyo maana baada ya kipimo mgonjwa hukaa chini ya uangalizi kwa saa kadhaa na kupigwa picha tena kabla ya kuruhusiwa.

Na hofu ya baba mdogo? Naiheshimu, kwa sababu imetokana na mambo aliyoyaona kwa macho. Watu wengi huja hospitali kansa ikiwa imeshafika mbali, wanakatwa kinyama, na baada ya miezi michache wanafariki. Anayetazama kutoka nje anaona chuma kimeingia na mtu akafa. Kilichoua ni kansa iliyokuwa imesambaa kabla ya sindano. Seli za kansa kubaki kwenye njia ya sindano ya pafu kumewahi kutokea, lakini ni chini ya mtu 1 katika 1,000. Ukipima hatari hiyo dhidi ya kumeza kwa miezi mitatu zaidi dawa za ugonjwa ambao huenda hanao, huku ule alionao ukikua, hakuna daktari atakayechagua kusubiri.

Tena mwambie baba mdogo upande huu mwingine, maana watu wengi wanausahau: kinyama kinaweza kurudi kikisema ni TB. Wapo wagonjwa ambao picha zao zilionyesha bonge lililomfanya kila mtu aseme kansa, ndugu wakaanza kugawana majukumu ya msiba, na kinyama kikaja na vimelea vya TB ndani yake, wakati mwingine TB sugu iliyohitaji dawa tofauti. TB inapona. Familia inayokataa kinyama kwa kuogopa habari mbaya inaweza kuwa inakataa habari njema.

Jambo moja la kiutendaji, tafadhali lishike. Siku ya kipimo muulize daktari kwa adabu: "Sampuli itagawanywa kwenye vichupa viwili?" Kimoja kina fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, kinaenda kwa mtaalamu anayekata vipande vyembamba na kutafuta seli za kansa au zile kuta za TB nilizoeleza. Cha pili kinakuwa na maji ya chumvi safi, kinaenda maabara ya TB kwa GeneXpert na kuoteshwa. Fomalini inaua vimelea, hivyo kila kitu kikitumbukizwa kwenye fomalini, mlango wa kuotesha TB unafungwa pale pale na itabidi baba achomwe upya.

Majibu yakisema TB, basi inajulikana ni ipi, sugu au ya kawaida, na matibabu yanapangwa kwa uhakika. Kwa kanda yetu tuna bahati ya kuwa na Kibong'oto pale Siha, ukipanda kutoka Boma Ng'ombe kuelekea Sanya Juu, hospitali iliyoanza kupokea wagonjwa wa kifua kikuu mwaka 1926 na ndiko matibabu ya TB sugu nchini yalikoanzia. Majibu yakisema kansa, sitakudanganya kwamba ni jambo jepesi. Inategemea ni aina gani na imefika wapi. Ikiwa bado iko sehemu moja na mapafu yake yana nguvu, upasuaji huzungumzwa. Ikiwa imesogea, kuna dawa za kansa, kuna mionzi, na kuna huduma ya kutuliza maumivu na kumpa pumzi ya kutosha, ambayo ni matibabu kamili na inastahili kuombwa mapema. Sauti iliyokwaruza, kama imesababishwa na kansa, huwa ni dalili kwamba imeshatoka ilipoanzia. Nakuambia ili usiendelee kubishana nyumbani wiki baada ya wiki.

Majibu yanaweza pia kusema vyote viwili. Kansa inaweza kula ukuta uliofungia TB ya zamani na kuiamsha, na dawa za kansa zinashusha kinga. Katika hali hiyo magonjwa yote hutibiwa, na madaktari wa pande mbili lazima waongee, kwa sababu rifampisini hulifanya ini livunje dawa nyingine haraka, zikiwemo baadhi ya dawa za kansa. Kwa sababu hiyo hiyo ya ini, mizizi na unga wa kienyeji viwekwe kando kwa sasa, maana ini la baba lina kazi ya kutosha.

Kwa kuwa mko Usa River, mnaweza kuanzia hospitali ya Mount Meru pale Arusha au kwenda hospitali ya KCMC Moshi, ambako CT-Scan, wataalamu wa kusoma kinyama na kliniki ya saratani viko sehemu moja. Ombeni rufaa iliyoandikwa, mpite na kliniki ya TB anakochukulia dawa ili nao wajue. Bebeni picha zote, ya kwanza na ya sasa, maana kuzilinganisha kunaeleza mengi kuliko moja peke yake, pamoja na kadi ya TB yenye uzito wa kila mwezi. Vipimo na dawa za TB ni bure. CT-Scan na kinyama vina gharama, kwa hiyo kama bima haipo na hali ni ngumu, waoneni watu wa ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini kabla hamjakata tamaa. Wakati mnasubiri, alale chumba chenye madirisha wazi, na watoto wa chini ya miaka 5 waliomo nyumbani wapelekwe kuchunguzwa, kwa sababu TB bado haijaondolewa kwenye orodha.

Msisubiri tarehe ya kliniki kama atatema damu nyingi, ya kujaza kikombe, au ikitoka mfululizo. Kama pumzi itambana akiwa amekaa. Kama uso utavimba, atachanganyikiwa, au miguu itaishiwa nguvu ghafla. Hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo, hata iwe usiku. Damu ikitoka nyingi mkiwa njiani, mlazeni kwa ubavu wa kulia, upande wenye ugonjwa, ili damu isimwagikie pafu la kushoto lililo zima.

Kuhusu kumwambia baba: mwambieni. Najua mnamficha kwa upendo, ila yeye ndiye anayetema ile damu, na wazee wengi huwa wamekwisha kuwaza mabaya kabla ya watoto wao. Si lazima mseme "una kansa," kwa sababu hamjui, wala sisi hatujui. Semeni kweli ilivyo, kwamba dawa hazijafanya kazi ilivyotarajiwa, kwamba inaweza kuwa TB ya aina nyingine au uvimbe, na kwamba kuna kipimo cha kujua. Kipimo hicho kinahitaji idhini na saini yake mwenyewe akiwa anaelewa anachosaini. Na baba mdogo naye aende siku hiyo. Maswali yake yana majibu, na ni vizuri ayapate kwa yule atakayeshika sindano.